Mkwe Asiyeziba Pua

3 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo je, umetulia? Sisi tu wazima. Nakuandikia juu ya meza ambayo usiku inageuka kitanda, ndivyo lilivyo hili gari-nyumba tulilokodi. Nje ni mawe meusi ya volkano mpaka macho yanachoka, na mashimo yanayofuka mvuke. Kunanuka mayai viza. Wageni wote wameziba pua isipokuwa mkweo, aliyekaa ukingoni anakula mkate kama yuko sebuleni kwako.

Mama, kuna jambo ananificha. Nikipika, “Tamu.” Chumvi ikizidi, “Tamu.” Huyu si ndiye mwonja chai wa kiwanda kizima, aliyekuwa akinusa kikombe changu na kuniambia maji nimeyachemsha mara mbili? Niandikie kwa posta ya mji wa chini, huku simu zetu hazishiki.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo unauma nikikaa kwenye cherehani tu, na cherehani ndiyo kazi yangu.

Mwanamume akianza kusifu kila kitu ana lake moyoni. Mbona likizo ya ghafla, msimu wa chai umepamba moto? Mbona akuchagulie pahali pasiposhika simu? Simsemi vibaya, nauliza tu. Kaa macho.

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo sikuulizi hali.

Asubuhi niliamka kichwa kinapasuka. Harufu ilijaa garini nikadhani ni ya mlima. Kumbe gesi! Birika lilifurika likazima moto, jiko likabaki wazi. Mlango umefungwa. Yeye yuko nje anapangusa majivu kwenye kioo. Nilipotoka natambaa akasema, “Nilifunga usipate baridi.”

Mwenyewe anasema ndiye aliyewasha jiko, akakaa pale pale akifunga viatu. Mtu mwenye pua ile hakusikia? Funguo za gari nimezitia kifuani. Namwogopa, mama.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Shuka! Panda basi la kwanza. Akiuliza, mwambie mama mgonjwa. Ikibidi, nitaugua kweli.

Mama yako

14 Juni

Mama,

Shikamoo. Sikupanda basi. Nilimtilia maziwa yaliyochacha kwenye chai. Akanywa, akasema, “Tamu.” Nikamkazia macho. Akaweka kikombe chini, akalia.

Pua yake imekufa, mama, tangu yale mafua makali. Kiwandani anaonja kwa kubahatisha, anatazama uso wa mwenzake. Alinileta huku akidhani harufu kali itaifufua, ndiyo maana anainamia kila shimo.

Hakutaka kuniua. Lakini alijua hana pua, akawasha gesi karibu na kichwa changu, akanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma. Nimemwambia ampigie msimamizi wake aseme ukweli, la sivyo nashuka. Ameingia posta kwenye simu, ametoka anasema amesema yote. Sikumsikia. Na mdomo huo umeniambia “tamu” mara nyingi mno. Wewe uko karibu na kiwanda. Niulizie.

Mwanao

18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda. Nilivaa lile gauni langu la siku ya harusi yako, nikatembea kama mtu anayekwenda kushinda kesi.

Msimamizi alinipeleka chumba cha kuonjea. Pale anaposimama mumeo kuna binti mgeni, anajifunza kufyonza chai kwenye kijiko, anapaliwa. Mumeo alipiga simu. Alisema yote, kisha akaomba chai yote aliyoipitisha tangu augue ionjwe upya, jina lake litajwe. Hilo nadhani hakukwambia. Na hana kazi nyingine anayoijua.

Nilitoka nimekasirika. Nilitaka awe mwongo, mwanangu. Nilikuwa nimeshatandika kitanda chako kwa shuka nilizozishona mwenyewe, nikawa nasikiliza kila basi linalosimama. Ya gesi usimsamehe upesi, hata mimi bado. Ila hasira yangu nyingine ilikuwa tamaa ya kukuona nyumbani tu, na naona aibu.

Jiko litoeni nje ya gari. Kunusa iwe kazi yako, kuosha vyombo yake. Kitanda nimekitandua. Shuka nimezikunja, mtazichukua mkipita.

Mama yenu