Mume Wangu Ameugulia Ugenini

Jumanne, Kisumu

Tulidhani ni uchovu tu wa safari kutoka Iringa. Leo tukiwa kwenye boti ziwani, watoto wakiangalia viboko, mume wangu alianza kutetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka.

Tumemkimbiza hospitalini, na daktari anasema malaria imempanda kichwani. "Mama, dawa tumeanza. Sasa tungoje." Tungoje mpaka lini, hakusema.

Hapa Kenya hatuna ndugu hata mmoja. Mama mkwe amepiga simu na sijapokea. Nitamwambia nini?

Watoto wamesinzia kwenye benchi, bado wamevaa kofia za matembezi.

Jioni mume wangu alifumbua macho, nikafurahi. Akanitazama kwa adabu, akidhani mimi ni muuguzi. "Sista, naomba uniitie mke wangu."

Nilimjibu kwamba anakuja.