Hakuuliza Uko Wapi

Kaka yangu,

Leo tena Mama ameteremsha vikombe vitatu, na tuko wawili.

Unakumbuka ulivyoanza kukusanya mashairi ya nchi hii? Jumamosi ulinikokota hadi kwa wazee wa Kabiria, ukawarekodi nyimbo walizotunga wazazi wao kizuizini enzi za mkoloni. Ukaja na tungo za kusifu uhuru, ukacheka, ukasema watunzi hawa nao walikuwa na njaa ya kusifu. Mwisho ukafika kwa vijana wa leo, wanaokutumia mashairi makali kwa simu. Ulitaka kitabu kimoja ambamo babu na mjukuu wangejuliana hali. Nilikuita mwendawazimu, huku nikikujivunia mpaka basi.

Lakini wewe na kichwa chako kigumu! Desturi tunaijua: katika ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja jina na kusema anakoishi. Za kale hazikunisumbua, watunzi wenyewe wako makaburini. Nilikuomba ukate za vijana. Tuligombana humu ndani mpaka Kangemi nzima ikasikia. Ulinijibu kwa upole, na upole wako ndio ulionikera.

"Shairi bila mwenyewe ni uvumi, dada. Wamejitaja kwa hiari yao, mimi ni nani niwafiche?"

Ukapeleka mswada kwa mpiga chapa mjini. Wiki ileile akatupigia simu, akasema kuna mteja mstaarabu ameomba kuupitia kidogo. Mashairi, alisema, mteja huyo hakuyasoma. Alipiga picha beti za mwisho tu. Siku chache baadaye yule fundi viatu wa Kabiria, kijana aliyekutumia shairi la kwanza, hakufungua kibanda chake. Ukatoka asubuhi kwenda kuwaonya wengine, na mpaka leo hujarudi. Kituoni polisi wanasema hawakujui.

Juzi mtu alibisha hodi. Suti safi, sauti ya chini. Akasema anapenda sana ushairi, akauliza kitabu kinatoka lini, akamsifu Mama kwa chai. Aliitazama picha yako ukutani kwa muda mrefu, akataja majina yako yote matatu. Hakuuliza uko wapi.

Nimekata beti za mwisho za vijana wote. Nigombeze ukitaka, ningetoa chochote nikusikie ukinigombeza. Umebaki wako, wa shairi ulilotunga mwenyewe, unaotaja jina lako na nyumba hii. Nilimwambia Mama tuuondoe pia, yule mtu asije akarudi na wenzake. Mama hata hakuniangalia.

"Huo uache," akasema. "Tukiufuta, watasema sikuwahi kukuzalia ndugu."

Kitabu kinaingia mtamboni kesho, na jina lako limo lote. Mlango tunaufunga kwa makomeo mawili siku hizi, lakini hatuhami. Popote walipokuweka, jikaze.

Ni mimi, mdogo wako wa kuzaliwa, ninayekungoja.