Nimepuliza Filimbi Tena, Muzee Faustin

Muzee Faustin,

Ni miye Josiane. Jana nilichezesha mechi. Nakuandikia kwa sababu weye ndiye ungetaka kujua kwanza, kabla hata ya mama yangu.

Tangu ulipokufa sikugusa filimbi. Unajua asubuhi ile kule kwetu Djugu. Wale watu wa silaha walishuka mlimani wakiitana kwa filimbi, na weye, uliyenifundisha kazi ya arbitre, ya kuchezesha mechi, tangu nikiwa shuleni, ukagonga mlango wetu: "Josiane, kamata mama yako mukimbie." Kisha ukaenda kuamsha jirani. Hukufika, Muzee. Hukufika.

Hapa Bunia tunaishi kwa mama mudogo, Mama Antoinette. Mji umetulia kiasi. Watu wanauza, watoto wanasoma, ijapo kila mtu anauliza habari za barabara kabla ya kusafiri. Miye ndiye sikutulia. Siku moja sokoni polisi wa barabara alipuliza filimbi kusimamisha pikipiki. Nilijikuta chini, nyuma ya magunia ya unga wa muhogo, nimeshika miguu ya mama muuzaji. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alinipangusa unga, akasema polepole, "Mutoto yangu, hata miye niko hivi hivi."

Binamu yangu, yule muuguzi wa Nyankunde, ndiye aliyeniambia kuna washauri wanaosaidia watu kwa telefone. Nilikataa. Nilifikiri ni mambo ya vichaa. Lakini Mama Antoinette aliniwekea mega za intaneti, akasimamisha telefone juu ya meza, akatoka na watoto wote ili nyumba ibaki kimya.

Mshauri anaitwa Solange, yuko Kisangani. Network ilikuwa mbaya. Sura yake iliganda mdomo wazi, nikacheka kabla hatujaanza. Sikusema mengi siku ile, wala wiki iliyofuata. Hakunisukuma. Alinifundisha kukanyaga sakafu kwa nguvu kifua kinapobana, kupumua polepole, kutaja ninachokiona: sufuria, pazia, ndoo. Baadaye nilimweleza yote. Nilipofika kwenye jina lako nililia mpaka betri ikaisha.

Kisha tukaanza na filimbi yenyewe. Alipuliza ya kwake kule Kisangani, chini sana, na miye kidole tayari kukata simu. Sikukata. Miezi ilipita hivyo. Siku nilipoipuliza mwenyewe ndani ya nyumba, kuku walitawanyika na Mama Antoinette akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Ni weye?"

"Ni miye."

Nikamgeukia Solange kwenye telefone, nikamwambia, "Filimbi haikumuua Muzee. Watu ndio walimuua." Naye akapangusa macho.

Sasa jana. Vijana wa kambi ya wakimbizi walicheza na vijana wa mtaa wa Lumumba. Kabla ya kuanza niliwaona akina mama wa kambi wamekaa pamoja kando ya kiwanja. Nilijua filimbi itawakumbusha nini. Nikaenda kwao.

"Mama zangu, nitapiga hii mara nyingi. Iko ya mechi tu."

Niliipuliza kidogo. Wawili walivuta watoto wao karibu. Mama mmoja mzee akaomba aijaribu. Ikatoa sauti ya kifaranga, wote wakacheka, na miye nikacheka huku machozi yakinitoka.

Karibu na mwisho nilitoa penalti dhidi ya Lumumba, kwao, mbele ya watu wao. Kapiteni wao alinijia kifua mbele. Ulikuwa unatuambia, "Arbitre akirudi nyuma, mechi imekufa." Sikurudi, Muzee. Moyo ulipiga sana, lakini ulikuwa moyo wa mechi, si ule wa asubuhi ile. Nilinyoosha mkono kuonyesha pa kupigia. Akanung'unika, akaondoka. Kambi wakafunga, wakashinda, na hakuna aliyeokota jiwe.

Sijapona yote. Radi bado inanipeleka chini ya meza. Solange bado anaita mara mojamoja, na siku hizi tunacheka kuliko kulia. Lakini nalala, Muzee. Nalala na nakula.

Basi pumzika. Barabara ya kwetu ikitulia kweli, nitakuja kusafisha kaburi lako, na nitachezesha mechi kwenye kiwanja kile ulichokuwa unakifyeka mwenyewe kwa panga. Hiyo nakuahidi.

Kwa sasa niache nifue jezi. Asubuhi hii kapiteni wa Lumumba alibisha hodi kwa Mama Antoinette. Nilifikiri ameleta maneno. Alikuja kuomba mechi yao ya Jumapili nichezeshe miye.

Mutoto wako wa kiwanjani,
Josiane