Dereva Nambari Moja Hajazaliwa

Mama Roselida mpendwa, nishike mkono, maana hata ugali haushuki. Mimi ni msichana wa Adungosi, nilisomea kompyuta, na kazi yangu ya kwanza nilipewa na Mzee Omagor, mwenye yadi ya malori hapa Malaba, nimtengenezee mfumo wa foleni ili madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda waache kugombana, na nikautengeneza, mama, na unafanya kazi, ila nilipokuwa nikiujaribu nyumbani niliweka lori la uongo nambari moja, dereva nikamwita Test One, maneno hayo nikayaunganisha kwa uvivu yakawa TESTONE, na mzigo nikaandika ndovu arobaini kwa sababu siku hiyo nilikuwa na furaha.

Sasa sisi watu wa kompyuta tuna mipangilio miwili, ya majaribio tunaiita development na ya kazi yenyewe production, na kutoka moja kwenda nyingine ni kubadilisha neno moja tu, na neno hilo nililisahau, kwa hiyo kila asubuhi kompyuta ya yadi ikiwashwa, mfumo unadhani bado uko mezani kwa mama yangu na unamweka Testone mbele ya kila mtu, na wa pili hapewi kibali mpaka Testone atoke. Karani humrudisha nyuma saa sita, kesho yake yuko mbele tena, na hii ni wiki ya tatu. Madereva wanasema, "Huyo ako na mtu wake Nairobi, boss, wachana naye." Watatu wameapa kwamba wamemwona. Eti ni mrefu, ana pengo.

Kinachoniua ni Etyang, askari wa geti, mzee wa miaka hamsini na minane ambaye tunasali naye kanisa moja. Aliulizwa mbele ya watu, akasema, "Mimi sijaona lori ya ndovu, mzee. Ndovu si kitu ya kupita kimya kimya." Mzee Omagor akamjibu, "Kompyuta imeona, wewe askari hujaona. Ulikuwa umelala wapi?" Akafutwa kazi papo hapo. Nami niliketi pale pale, mama, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Nikikiri nitafukuzwa, na mama yangu amenisifu soko zima. Je, nibadilishe lile neno kimya kimya, Testone apotee, tusahau?

Mwenye Aibu, Adungosi

Binti yangu, pole. Sasa tulia nikukaripie.

Kusahau ni kwetu sote. Mimi nimewahi kucheza harusini Namboboto na karatasi ya bei ikining'inia mgongoni. Lakini kutikisa kichwa wakati mzee wa watu anavuliwa koti la kazi, hilo hukulisahau, ulilifanya ukiwa macho. Katika yadi nzima mtu mmoja alisema ukweli, na ndiye aliyefukuzwa. Ndovu arobaini kwenye lori moja, na hakuna aliyeuliza wanakula nini!

Hata mimi umeniponza. Wiki jana dada mmoja wa Malaba aliniandikia kwamba huyo Testone amemwahidi ndoa na sasa hapokei simu. Nikamshauri avumilie, madereva wana shughuli nyingi. Dada, kama unasoma, achana naye.

Unataka kulibadilisha kimya kimya? Testone asipoonekana kesho, yadi nzima itasema amevuka mpaka na ndovu wake, na aliyemfungulia geti ni Etyang. Utakuwa umemfukuza mara ya pili, na ushahidi wa kumwokoa umeufuta mwenyewe.

Kwa hiyo usiguse kitu. Jumatatu mpitie Etyang nyumbani, umwombe msamaha mbele ya mkewe, kisha mwende naye yadini. Mwite Mzee Omagor, karani, na wale watatu walioona pengo. Washa kompyuta, Testone ajitokeze. Halafu, wote wakitazama, andika dereva mwingine wa uongo, mpe jina la Mzee Omagor mwenyewe na umpakie twiga sitini. Wakimsoma mzee kwenye foleni na twiga wake huku amesimama hapo kando yao, wataelewa bila hotuba. Ndipo ubadilishe neno lako, uwafute wote wawili, na uombe koti la Etyang lirudishwe.

Utafukuzwa? Huenda. Lakini wewe una miaka ishirini na kitu, una elimu, na yadi ni nyingi kutoka Malaba hadi Busia. Etyang ana miaka hamsini na minane, na geti ni hilo moja.