Mama Leonia na Furaha Isiyolala

Mwaka umetimia, Mama, tangu homa ya mapafu ikutoe mikononi mwetu hapa Kizwite. Wapo waliosema umeuawa na vidonge ulivyomeza kila siku. Si kweli. Vidonge ndivyo vilivyotuachia wewe miaka yote ile.

Ulikuwa mkarimu wa ugali wa ulezi, mkali kwa wavivu, na hukuweza kupita shamba la mtu bila kuinama kung'oa magugu.

Tunaukumbuka mwaka ule biashara ilipokuwa ruksa na kila mtu mjini akafungua kibanda. Wewe ulifungua vitatu. Hukulala. Uliimba nyimbo za kwaya peke yako ukipanga mitumba, ukaagiza lori zima la mafuta ya kupikia kutoka Tunduma, ukagawa mbuzi kama pipi. Mtaa ukakushangilia: "Mama Flavian ameamka!" Nasi tukajivuna.

Mavuno yalipofika ukajilaza ukiangalia ukuta. Hukula, hukuoga, ukasema afadhali ufe. Tukasema ni kijicho cha wenzako wa sokoni. Tulianza kwa mganga, ndipo tukakupeleka hospitali.

Baba alimweleza daktari habari za kujilaza kwako tu.

"Na kabla ya hapo, mzee, alikuwaje?"

"Kabla ya hapo? Alikuwa mzima kutushinda sote! Halali, anacheka, anauza."

"Basi hapo ndipo alipoanza kuumwa."

Akatueleza kwamba kupaa kule na kuzama huku ni ugonjwa mmoja. Unatibika, lakini dawa haikatizwi hata mgonjwa akijisikia nafuu.

Hukukatiza. Sokoni Basil, muuza maharage, alikuchokoza: "Leonia, daktari amekuruhusu kununua leo?" Ukamjibu, "Ameniruhusu. Wewe dawa ya umbea umeshaipata?" Alicheka mpaka akakuongezea maharage.

Mwaka huu, Mama, yamemfika mwanao Flavian, naye ameruhusu tuyaandike. Wakati wa kuvuna ulezi aliacha kulala. Akanunua ng'ombe asiokuwa na pa kuwalisha, akaahidi kulijengea mnara kanisa la kijiji cha Kate. Majirani wakampigia makofi. Baba akamshika mkono.

"Baba, unanipeleka hospitali kwa sababu nina furaha?"

"Ndiyo, mwanangu. Mama yako tulimngoja mpaka akaanza kulia."

Alikasirika, akatuita wachawi wa maendeleo yake. Tukaenda naye hivyo hivyo, akitutukana njia nzima. Sasa analala. Asubuhi anakunywa uji, anameza dawa, analalamika kwamba ni chungu. Ng'ombe tumewarudisha kwa aliyemuuzia.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, na Flavian ndiye atakayesoma somo la kwanza.

Unakumbukwa na mumeo Clemens, wanao Flavian, Adela na Timoth, dada yako Bertha, mkweo Jane na wajukuu. Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu.