Kiganja Chini ya Nozeli

Bergen, 4 Februari 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Fedje, na mgongo wako je? Mimi mzima, ila mvua ya huku imeniingia hadi mifupani.

Injini yetu mpya ya mashua bado iko kwenye jukwaa la majaribio. Tumeongeza sana msukumo wa pampu inayorusha mafuta ndani ya injini kupitia vitundu vya nozeli, lakini nguvu inapanda kidogo tu, kisha moshi mweusi tii. Bosi anataka moshi safi kabla ya Pasaka, la sivyo kazi inafutwa, na mimi pamoja nayo. Nimekwama, Baba. Hii ndiyo injini niliyotaka kukuwekea kwenye mashua yako.

Mwanao,
Sjur

Fedje, 11 Februari

Mwanangu Sjur,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida yake, nimeshauzoea. Dada yako Gudny anauliza kama huko mjini unakula au unameza mvua tu.

Nyie watoto wa vipimo mnanichekesha. Fungua nozeli, piga pampu kwa mkono, kinga kiganja chini yake. Mafuta yakitoka kama ukungu, utahisi ubaridi tu. Yakikupiga kama mchanga, nozeli mbovu. Nimefanya hivyo miaka yote kwenye injini zetu za zamani. Kiganja hakidanganyi.

Baba yako

Bergen, 20 Februari

Shikamoo Baba! U mzima? Huku tumechangamka.

Nilikinga kiganja. Kitundu kimoja cha nozeli kilikuwa na kasoro, kinatoa mshale badala ya ukungu. Tumebadilisha nozeli, moshi umekwisha, na nguvu imepanda kuliko tulivyoota. Bosi amenunua keki. Msimamizi wetu, mzee Hjelle, ndiye pekee aliyenuna. Anasema kwa msukumo huu hukingwa kipande cha boksi, si mkono, na eti nikamwone daktari. Kwa lipi? Ule mshale umenichoma kidole kama mwiba tu, hata damu haikutoka. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimelelewa na fundi, si na muuguzi." Kimekufa ganzi kidogo tu.

Mwanao,
Sjur

Fedje, 27 Februari

Mwanangu,

Salamu zako zimenifikia, na mgongo umepona kwa furaha. Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, kila mtu akasikia. Mwambie Hjelle akavae aproni!

Gudny anaolewa Jumatatu ya Pasaka. Njoo na fidla yako, anasema hataki mpigaji mwingine.

Baba yako

Fedje, 9 Aprili

Sjur, u mzima kweli?

Pasaka imepita. Gudny alicheza harusi yake kwa kinanda cha jirani, na kila boti ilipotia nanga alichungulia dirishani. Kama tumekukosea, sema.

Baba yako

Bergen, 23 Aprili

Baba,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Mkanda wa mashine ulinikamata mkono wa kulia. Wameukata juu ya kiwiko. Fidla nimempa Gudny. Tafadhali usije.

Sjur

Fedje, 30 Aprili

Mwanangu,

Sina hali ya kukueleza.

Mkanda gani, Sjur? Nimeirudia barua yako ya Februari. Nikapanda boti hadi kwa daktari wa wilaya, nikamsomea habari ya ule mwiba. Akavua miwani. Akasema mafuta yenye msukumo ule hupenya ngozi na kuozesha nyama kwa ndani, na ungemwona daktari siku ileile, pengine mkono ungepona.

Mimi nilikutuma. Mimi nilimcheka Hjelle.

Kiwanda kimeniletea ile injini, zawadi kwa jina lako. Ipo gatini ndani ya sanduku lake, inanyeshewa. Watu wananiambia niifunge kwenye mashua, na mimi nakaa mezani na viganja vyangu viwili, vyote vizima, siwezi kuvitazama.

Usinifiche kwa huruma. Nitukane. Ukishindwa kuandika kwa kushoto, tia karatasi tupu kwenye bahasha, nitaelewa.

Baba yako

Fedje, 11 Juni

Sjur,

Boti ya posta imekuja tena leo. Hata karatasi tupu haikuwemo.

Baba yako