Taa Moja ya Mafuta

Mpendwa Neema,

Natumai hamjambo nyote huko Nakuru. Mjomba wako na mimi tu wazima, ila zamu za hospitali zinammaliza. Hapa Blaine theluji imeanza kuyeyuka.

Uliniuliza kwenye simu kama hata Wamarekani huzilaani kampuni za mafuta bei ikipanda. Huzilaani sana. Mjomba wako akitoka kujaza tangi la gari huiambia televisheni kwamba wale watu wanatunyonya, kisha huenda kulala.

Nilipokuwa msichana, mafuta ya taa yalipanda bei vivyo hivyo. Jioni majirani walikuja kwetu, kila mama na chupa yake yenye mafuta kidogo, wakayamimina yote katika taa yetu moja. Tulipukuchua mahindi tukiwa tumeizunguka, na wale mama wakawatukana wenye kampuni, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake, mpaka tukatokwa na machozi kwa kucheka. Bei iliposhuka, kila mtu akarudi kwenye taa yake. Mama yangu alikaa akitazama mlango, akasema, "Nyumba imekuwa kubwa." Sikumwelewa.

Petroli ilipopanda huku, kina mama wa maombi kutoka Columbia Heights waliacha kuja. Siwalaumu, ni mbali. Sasa tunaomba kwa simu.

Nyumba hii ina taa kila chumba, Neema. Jioni mimi huziwasha zote, ili anayepita ajue kuna mtu.

Nyanya yako anayekukumbuka